Fahali wa Plover Grove na Karatasi ya Tano

Plover Grove, Iowa
9 Aprili 1994

Bwana Hagedorn,

Nimeliona tangazo lako kwenye gazeti la wakulima, ukurasa wa kumi na nne, katikati ya trekta bovu na mjane anayetafuta mume mwenye meno yake mwenyewe. Unasema unatafuta karatasi zozote za kampuni za reli za kabla ya mwaka 1900, ziwe katika hali yoyote. Mimi ninazo, sanduku zima la bati. Liko darini kwetu tangu kabla sijazaliwa.

Nimefundisha darasa la nne hapa kwa miaka arobaini na moja, na sasa nimestaafu. Karatasi hizo zilikuwa za Lucius Pell, aliyemwoa dada yake babu yangu. Bwana Pell alikuwa karani wa malalamiko katika Kampuni ya Reli ya Cedar Bend na Kaskazini, ile iliyokufa mwaka 1899. Kazi yake ilikuwa kuwasikiliza wakulima waliogongewa ng'ombe na treni.

Sitaki malipo, nataka nafasi. Dari inavuja, na mwezi wa nane nahitaji mahali pa kuwekea mavazi ya sikukuu yetu. Je, unazitaka, au niwashie jiko?

Wako,
Leota Kimbrell (Bi)


Dubuque, Iowa
13 Aprili 1994

Dada Hulda,

Kaa chini kwanza. Kama umeshakaa, shika kitu. Nimepata barua kutoka Plover Grove! Ndiyo, Plover Grove ile ile ya fahali.

Miaka thelathini nakusanya makaratasi ya reli. Ratiba ninazo, hati za hisa ninazo, na pasi za kusafiri bure walizopewa wachungaji na wenye magazeti ninazo masanduku mawili. Marehemu mke wangu alidhani napenda garimoshi. Wewe peke yako unajua natafuta nini: jalada la Juni 1888, lile lililomfukuzisha babu August kazi ya udereva wa treni. Babu aliapa mpaka anaingia kaburini kwamba hakuwa amelewa siku ile, na kwamba yule fahali alikuwa amelala relini kama gogo. Nani alimsikiliza? Akamwaga unga, hakugusa tena injini, akachimba mitaro ya mashamba ya watu mpaka mgongo ukapinda. Mimi nilikuwa na miaka minne alipokufa. Wewe ndiye uliyemjua.

Sasa, Dada, nakuomba usiniharibie. Usimpigie simu huyo mama, usimwandikie. Sisi wakusanyaji tuna desturi yetu: huonyeshi kamwe jicho lako limetua wapi. Ukitaka sahani, unasifia meza. Nimemwandikia leo kwa uvivu mkubwa, kama mtu anayeombwa abebe takataka.

Daktari wa moyo anasemaje? Mwambie asubiri, hatujamaliza.

Mdogo wako,
Merle


Dubuque, Iowa
13 Aprili 1994

Bi Kimbrell mpendwa,

Asante kwa barua yako. Karatasi za ng'ombe kwa kweli si kitu kikubwa, lakini mimi ni mzee wa miaka sabini na nne, mjane, sina bustani, basi nitazichukua ili usipate tabu ya kuwasha jiko.

Huenda hujui jinsi zinavyochekesha. Katika maisha yangu ya kukusanya sijawahi kuona treni ikigonga ng'ombe wa kawaida. Kabla ya kugongwa alikuwa kikongwe, anatoa nusu kikombe cha maziwa na teke. Akishagongwa tu, kumbe alikuwa wa ukoo bora, bibi yake alitoka Scotland, na watoto walimpenda kama dada yao. Wakulima wa zamani walijua kutia chumvi!

Mwaka wowote unanifaa. Wa 1885 sawa, wa 1888 sawa, wa 1891 sawa. Kama 1888 haipo, si neno. Na kama ipo, hiyo 1888, itupie tu humo humo.

Wako,
Merle Hagedorn


Plover Grove, Iowa
2 Mei 1994

Bwana Hagedorn,

Ninakutumia kifurushi cha kwanza, karatasi mia moja na kumi na mbili. Nakurudishia na barua yako. Nimeisahihisha kwa kalamu nyekundu, usikasirike, mkono umezoea. Umepata sita kwa kumi. Umejirudia mno.

Utafurahi ukiona jinsi nilivyozitengeneza karatasi hizo. Zilikuwa chafu, zimekunjwa mara tatu tatu, zina pini za kutu. Nimezikunjua zote, nikazipiga pasi ya moto, nikaziba matundu kwa seloteipu, nikakata kingo zilizochanika. Kisha nikaenda shuleni kuomba mashine, nikazipiga laminesheni ya plastiki moja baada ya nyingine. Sasa unaweza kuzifuta kwa kitambaa chenye maji.

Jambo la pili. Umeutaja mwaka 1888 mara tatu ukisema huujali. Mtoto akinitajia dirisha mara tatu, mimi najua nani amevunja kioo. Bila shaka umesikia habari za Jenerali wetu, nawe unaona haya kuuliza. Basi usione haya. Jenerali alikuwa fahali wa babu yangu, Asa Kimbrell, fahali bora kuliko wote katika wilaya hii. Tarehe 14 Juni 1888 dereva mlevi alimgonga. Fidia aliyolipwa, babu hakula hata senti, alinunua kengele ya kanisa, na ndiyo inayolia mpaka leo. Kila mwezi wa nane tunafanya Sikukuu ya Jenerali. Kuna sanamu yake ya saruji, kuna pai za mabua ya rubabi, na kuna mchezo wa kuigiza ambao nimeutunga mimi mwenyewe na kuusimamia miaka thelathini na moja. Dereva mlevi anachezwa na Daktari Womack, wa meno. Akiingia na chupa yake akipepesuka, watu hucheka mpaka machozi. Karibu uje.

Jalada la Jenerali liko chini kabisa ya sanduku, bado sijalifungua. Nikilipiga laminesheni nitakuletea.

Wako,
Leota Kimbrell


Dubuque, Iowa
6 Mei 1994

Bi Kimbrell,

USIGUSE. Tafadhali usiguse chochote tena! Weka pasi mbali na ujiepushe na ile mashine.

Nimefungua kifurushi nikakaa sakafuni. Mama, karatasi mia moja na kumi na mbili zimevuka vita, mafuriko na panya, zimeishi miaka mia, halafu zikaangukia mikononi mwa mwalimu wa darasa la nne! Umezichoma kwenye nailoni, haitoki mpaka siku ya kiyama. Umekata kingo! Kingo ndizo zenye saini! Rafiki yangu Pettibone, naye mkusanyaji, alikuja kuziona, akavua kofia kama yuko msibani.

Sasa nitasema ya moyoni, maana desturi zote za kukusanya zimenishinda. Yule dereva mlevi ana jina. Anaitwa August Hagedorn, ni babu yangu. Hakuwa amelewa. Alisema hivyo maisha yake yote, na hakuna aliyemwamini nje ya nyumba yake, na ndani ya nyumba si wote. Dada yangu Hulda ana miaka themanini na tano, yuko nyumba ya wazee Ottumwa, moyo wake unakwenda kwa kubahatisha. Ninachotaka ni kumsomea ukweli kabla haujasimama. Huyo Daktari Womack wako amemcheka babu yetu miaka mingapi?

Nakuomba hilo jalada kama lilivyo, likiwa limekunjwa, lina kutu, lina vumbi, na hata kama lina buibui ndani, mwache buibui.

Merle Hagedorn


Plover Grove, Iowa
20 Mei 1994

Bwana Hagedorn,

Nimeipokea barua yako, na nimeisoma zaidi ya mara moja. Sikujua. Katika mchezo wetu dereva hana jina, anaitwa Mlevi tu, na sikuwahi kujiuliza kama alikuwa na wajukuu. Kwa hilo nakuomba radhi, na kwa karatasi zile pia. Nilidhani nazitunza.

Jalada ninakutumia kama ulivyoagiza, sijalinyoosha hata kunjo moja. Ndani kuna dai la babu yangu, barua ya mchungaji kuhusu sifa za Jenerali, ripoti ya Bwana Pell isemayo dereva alinuka pombe, barua ya kumwachisha kazi na stakabadhi ya fidia. Hakuna kingine. Nasikitika kwamba halisemi ulichotaka liseme.

Mpe dada yako salamu zangu.

Leota Kimbrell


Dubuque, Iowa
25 Mei 1994

Mwalimu Kimbrell,

Asante. Jalada limefika zima, na buibui yupo.

Sasa ngoja nami nikufundishe kitu kidogo. Makarani wa reli wa zamani hawakuwa na makabati ya faili kama ya siku hizi. Walikunja karatasi zote pamoja mara tatu, wakazifunga utepe, na kwenye mgongo wa ile ya nje wakaandika kwa herufi ndogo ndogo kilichomo ndani. Mtu asiyejua huona ni madoa ya wino. Mimi nina lenzi.

Bwana Pell wako kaandika hivi: "Na. 417. Kimbrell, fahali. Viambatisho sita. Moja, dai. Mbili, mchungaji. Tatu, ripoti yangu. Nne, kufukuzwa kwa Hagedorn. Tano, maelezo ya nyapara wa reli Cornelius Duggan, aliyefika mahali penyewe. Sita, stakabadhi."

Mimi nimepokea tano tu. Namba tano haimo. Naomba uangalie tena sandukuni, huenda imedondoka.

Merle Hagedorn


Plover Grove, Iowa
3 Juni 1994

Bwana Hagedorn,

Nimeangalia. Haipo. Dari yetu ina panya wengi sana, nadhani wameila.

L. Kimbrell


Dubuque, Iowa
7 Juni 1994

Mwalimu,

Hao panya wa Plover Grove wamesoma shule gani? Maana panya wa Dubuque hula kuanzia pembeni. Wenu wamefungua utepe, wakapita namba moja, wakairuka mbili, wakadharau tatu na nne, wakachomoa tano peke yake, wakaitafuna bila kuacha chembe, wakafunga utepe tena kwa fundo zuri! Na sita wakaiacha kwa adabu. Mimi nikipata panya wa namna hiyo nampeleka chuo kikuu.

Umeniandikia mistari miwili, wewe ambaye hata kunisahihisha unatumia ukurasa. Kwa miaka arobaini na moja umewatazama watoto waongo usoni. Haya, nenda kajitazame kwenye kioo, halafu ujipe maksi.

Hulda alianguka Jumapili wakati wa chakula. Wamempeleka hospitali. Alipozinduka swali lake la kwanza lilikuwa: "Yule mwalimu ameleta?"

M.H.


Kadi ya posta, Dubuque
1 Julai 1994

Mwalimu, wiki tatu kimya. Wamekula na kalamu? Hulda amerudishwa nyumba ya wazee. Bado anauliza. M.


Plover Grove, Iowa
24 Julai 1994

Bwana Hagedorn,

Hakuna panya. Nina paka wawili, na dari yetu haijaona panya tangu mwaka sabini na tisa.

Niliisoma karatasi ya tano usiku ule ule nilipofungua jalada, kabla sijakutumia zile nyingine. Nikaichomoa, nikaiweka chini ya mto, nikalala juu yake. Nimelala juu yake miezi miwili, na usingizi wenyewe sikuupata. Watoto niliowasugua ulimi kwa sabuni kwa sababu ya uongo ni wengi, Bwana Hagedorn, mmoja wao sasa ni hakimu. Jana asubuhi nilichukua kipande cha sabuni nikakiweka mdomoni. Kwa kweli ni kibaya sana. Nitawaandikia niwaombe radhi mmoja mmoja.

Nilihesabu nitakachopoteza. Babu Asa nilimpenda kwa hadithi alizoacha. Kengele inalia kila Jumapili, na watu wakinipita mlangoni mwa kanisa huniambia, "Hiyo ni ya kwenu, Mwalimu." Sina mume, sina watoto. Nina kengele na fahali wa saruji. Ndiyo maana nilidanganya. Sina sababu nyingine, na hiyo si nzuri.

Nimejiuliza pia kwa nini Bwana Pell hakuichoma. Nadhani najua. Alimwoa dada yake babu Asa mwezi wa saba mwaka ule ule, wiki tano baada ya kuandika ripoti yake, kwa hiyo pombe aliyoinusa naona ilitoka jikoni kwa shemeji yake mtarajiwa. Aliweza kumuuza mtu, lakini karatasi yenye namba hakuweza kuichoma. Alikuwa karani mpaka kwenye mifupa. Akaiorodhesha kwa mkono wake mwenyewe mgongoni mwa jalada, akaibeba nyumbani, akaketi juu ya sanduku maisha yake yote. Naona hilo ni la ukoo.

Karatasi yenyewe iko ndani, haijaguswa na pasi. Nimeinakili kwa mkono kwa ajili yangu. Inasema hivi:

"Treni ya alfajiri imesimama maili moja mashariki ya stesheni. Nimefika na toroli langu la relini dakika kumi baada ya kusikia honi. Fahali wa Kimbrell yuko chini ya magurudumu. Amepoa kama jiwe, miguu imekakamaa, tumbo limevimba kama ngoma kwa kula majani mabichi. Mnyama aliyekufa sasa hivi hawi hivyo. Miguu ya nyuma ina alama za mnyororo, na nyasi zimelazwa kutoka ghala la Kimbrell mpaka relini. Nimesimama karibu na dereva Hagedorn, nimeongea naye. Hanuki kitu ila makaa. Analia, anadhani ameua mnyama wa mtu. Nimemwambia huyu alikufa jana. C. Duggan."

Jenerali wetu alikufa kwa kuvimbiwa.

Peleka Ottumwa leo hii, usingoje kunijibu.

Leota Kimbrell


Dubuque, Iowa
29 Julai 1994

Mwalimu Leota,

Nimeipata. Nilimwita Pettibone aje anisomee kwa sababu macho yangu yalikataa, nikamwambia ni mtoto wa jicho. Akasoma, naye akapata mtoto wa jicho.

Ottumwa sijaenda bado. Daktari hataki Hulda apokee habari yoyote nzito mpaka vipimo vya katikati ya mwezi wa nane. Nimemwambia daktari hii ni habari nyepesi, imechukua miaka mia na sita kuwa nyepesi, hanielewi. Nitakwenda siku atakayoniruhusu.

Jambo moja. Niliyokuandikia kuhusu kioo na maksi nayarudisha, nilikuwa na hasira. Na sikukuu yenu, iacheni kama ilivyo. Mimi sikutaka kumwaibisha mtu yeyote Plover Grove. Ukimwondoa tu yule mlevi na chupa yake, yatosha. Mwacheni fahali afe kishujaa. Babu mwenyewe alimlilia.

Merle


Plover Grove, Iowa
15 Agosti 1994

Ndugu Merle,

Barua yako ya huruma ilifika, nikaiweka mfukoni, nikapanda jukwaani Jumamosi nikafanya kinyume chake.

Nilikuwa nimeuandika mchezo upya. Shida ya kwanza ilikuwa Daktari Womack. Alikataa katakata kucheza dereva asiyelewa, akasema amenunua pua mpya nyekundu kwa dola kumi na mbili na kwamba mtu mwenye akili timamu hachekeshi. Tulibishana nyuma ya jukwaa mbele ya akina mama wa pai. Mwisho nikamwambia, "Ferris, kaa chini," na kwa kuwa nilimfundisha mwaka hamsini na tatu, akakaa.

Basi hakukuwa na mchezo. Nilisimama peke yangu nikasoma karatasi ya Duggan yote, na jina la babu yako nikalisema mara mbili ili wa nyuma wasikie. Halafu nikasema babu yangu alifanya nini na mnyororo. Nilisikia kitambaa cha meza kikipepea. Binamu yangu Eudora aliinuka akachukua pai yake, ambayo ilikuwa imeshashinda, akaondoka nayo. Meya aliuliza kama karatasi hii inaathiri sanamu, kwa sababu imepakwa rangi juzi tu. Mtu mmoja akapaza sauti, "Sasa kengele je?" Mchungaji akajibu kwamba kengele haijamdanganya mtu, na kwamba kama wako wanaotaka kuirudisha kwa kampuni ya reli, waitafute kwanza hiyo kampuni kaburini.

Hawakupiga makofi. Usidhani yaliisha vizuri. Jioni kamati ilikaa, wakanivua uenyekiti, wakampa Daktari Womack. Jana kanisani watu watatu hawakunisalimu. Nilisikia kengele ikilia, na kwa mara ya kwanza maishani sikugeuka kutazama nani ananitazama. Nililia kidogo, si sana.

Usiku nimelala saa tisa mfululizo.

Leota


Dubuque, Iowa
16 Agosti 1994

Leota,

Wewe mama ni kichwa kigumu! Nilikuambia yatosha! Naandika nini sijui.

Huyo Eudora asile pai peke yake. Na mwambie Womack mimi namsubiri, meno yangu mawili ya nyuma yanauma, nataka nione kama ana ujasiri wa kuyang'oa baada ya kujua mimi ni nani.

Daktari ameruhusu. Nakwenda Ottumwa kesho kwa basi la asubuhi. Karatasi nimeiweka ndani ya shati.

Merle


Ottumwa, Iowa
22 Agosti 1994

Mwalimu Kimbrell,

Mimi ndiye Hulda. Naandika mwenyewe, kwa hiyo uvumilie mwandiko.

Merle alikuja Jumatano, amevaa tai kama anakwenda kuposa. Akanikalisha sebuleni, akasoma kwa sauti ya hakimu. Alipofika pale babu analia, akakwama. Nikamnyang'anya nikamalizia mwenyewe. Bwana Tolliver, jirani yangu wa chumba, ambaye hasikii, akauliza nani amefariki. Nikamwambia ni fahali. Akasema, "Pole sana, alikuwa mtu mzuri." Moyo wangu ulistahimili kusikia ukweli, lakini hapo kwa Tolliver nilicheka mpaka muuguzi akaja mbio.

Nimeambiwa yaliyokupata sikukuuni. Nilikukasirikia wewe sana mwezi wa sita. Sasa sikukasirikii, na nitakwambia kwa nini, maana ni kitu ambacho Merle hakijui na ninakuomba usimwambie.

Nilipokuwa na miaka tisa, babu alinisindikiza shule kila asubuhi, ameshika mkono wangu, halafu anakwenda kwenye mitaro yake. Siku moja watoto walikuwa wamesimama nje ya duka la unga. Wakaanza kupepesuka na kujigonga gonga ukutani, wakimwonyesha kidole. Mimi nikauachia mkono wake. Nikavuka barabara, nikatembea upande wa pili kama simjui. Hakuniita. Alitembea upande wake, polepole, mwendo wangu ule ule, mpaka nilipoingia getini. Kesho yake akafanya hivyo hivyo. Miaka yote iliyobaki alinisindikiza kutoka ng'ambo ya barabara, na mimi sikuvuka hata siku moja kurudi.

Merle anadhani niliitaka hii karatasi ili watu wajue. Watu wenyewe wameshakufa. Niliitaka kwa sababu sikumwamini, na nilitaka kujua kama nilikosea. Nilikosea. Wewe ulilala juu ya karatasi miezi miwili, mimi miaka sabini na sita nimelala juu ya hilo. Basi ukiona Eudora hakusalimii, njoo hapa, mimi nitakusalimia.

Babu amezikwa juu ya kilima, mwisho wa barabara hii yetu. Jumapili muuguzi amekubali kunisukuma mpaka huko kwa kiti cha magurudumu. Anasema tupite upande huu, ndio wenye njia iliyosakafiwa, ule wa pili ni mashimo na majani mpaka juu. Nimemwambia hapana, tutavuka hapa hapa getini, tupande kwa upande wake.

Hulda Hagedorn